KAMPALA: VILIMA, MABONDE NA ULINZI WA URITHI

Mnamo Machi 26, 2025 mvua kubwa ilinyesha juu ya mji wa Kampala, mabonde yakafurika, barabara zikageuka mito, na watu kadhaa wakapoteza maisha, watoto wakiwamo. Kama ilivyo desturi, kazi ya kuwatafuta waliosombwa na maji iliwaangukia askari. Na kama ilivyo desturi pia, lawama zote zilielekezwa kwenye mifereji iliyoziba na taka zinazotupwa ovyo. Lawama hizo si za uongo. Lakini sisi tunaona kwamba hazifiki kwenye shina la jambo, maana mji huu umekaa juu ya ardhi yenye umbo lake na historia yake, na ardhi hiyo ilikuwa na mpango wake kabla ya mchora ramani wa kwanza kutia mguu hapa.

Iko taaluma inayoshughulika na mambo haya, nayo huitwa usanifu wa mandhari. Wengi hudhani kuwa ni kazi ya kupanda maua mbele ya ofisi za wakubwa. La hasha! Ni elimu ya kupanga miinuko, maji, miti, njia na mahali pa wazi, ili binadamu akae na ardhi bila kugombana nayo. Askari hapaswi kuiona ngeni. Katika chuo cha kadeti tulifundishwa kusoma mistari ya mwinuko kwenye ramani: kilima hiki kinatawala nini, bonde lile linaficha nini, maji yanakimbilia wapi. Mwenye kujua hayo amekwisha kuingia mlangoni mwa taaluma hiyo.

Na tuitazame Kibuga, yaani mji mkuu wa Kabaka wa zamani. Ikulu ilikaa juu ya kilima, nazo barabara pana zilishuka kutoka hapo kuelekea pande zote za nchi. Stanley, aliyefika mwaka 1875 wakati wa Mutesa I, alizistaajabia na kuziandika. Kila chifu wa saza alikuwa na makao yake katika mji mkuu, upande ule uelekeao saza lake, tena alipaswa kuitunza njia itokayo huko hadi ikulu. Kwa hiyo aliyesimama langoni mwa Kabaka aliiona Buganda nzima imepangwa mbele yake kama ramani. Nyumba zilizungukwa na migomba na nyua za matete. Mabondeni mlikuwa na vinamasi vya mafunjo, na huko ndiko mvua ya vilima ilikoteremkia ikapungua nguvu taratibu.

Hatusemi kwamba kila kilichofanywa na wafalme kilikuwa chema. Ziwa la Kabaka, ambalo wengi wetu tumepita kando yake tukienda Mengo, lilichimbwa kwa amri ya Mwanga II katika miaka ya 1880, na machifu wenyewe walilazimishwa kushika udongo kwa mikono yao. Chuki iliyotokana na kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizomwangusha mwaka 1888. Kumbe hata kuchimba ziwa ni siasa.

Kapteni Lugard alipofika Desemba 1890 alichagua kilima tunachokiita leo Kampala ya Zamani, akajenga ngome. Afisa yeyote atafahamu kwa nini: kinatazamana na Mengo. Tangu siku hiyo pakawa na miji miwili iliyotazamana, mmoja wa Serikali ya kikoloni na mwingine wa Kabaka, na wapangaji wakaushughulikia ule wa kwanza tu. Mirams aliandika mpango wake mwaka 1930. Ernst May, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, alitoa mwaka 1947 taarifa ya kuupanua mji hadi Kololo na Naguru. Alikuwa fundi hodari, na barabara za Kololo zifuatazo mikunjo ya kilima ni ushahidi wa fikira za wakati ule. Lakini nafasi za kijani katika miji ya kikoloni zilikuwa na kazi nyingine isiyo ya kupendeza. Profesa Simpson, mtaalamu wa afya aliyetumwa Afrika Mashariki kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa amependekeza Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali, na baina yao paachwe ardhi tupu. Nyasi zikawa mpaka wa rangi.

Wakati huohuo Kibuga, pamoja na Kisenyi iliyojaa wafanyakazi wa mji ule mwingine, iliachwa nje ya mipaka ya manispaa. Haikuunganishwa na Kampala ila mwaka 1968. Yaani kwa zaidi ya nusu karne mji wenye mpango wa kale kuliko yote ulihesabiwa kuwa si mji. Watu wakaongezeka, barabara za machifu zikamezwa na vibanda, na asiyepata nafasi kilimani akashuka bondeni. Huyo ndiye ambaye leo tunamkuta amesimama juu ya paa akiomba msaada.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya jeshi. Mei 24, 1966 majeshi ya serikali ya wakati ule yalivamia Lubiri ya Mengo. Mutesa II akakimbilia uhamishoni, na ikulu ikafanywa kambi. Wakati wa Amin ghala lililochimbwa ardhini humo likageuzwa jela ya mateso. Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, na Lubiri nayo ikarudi baadaye mikononi mwa wenyewe. Mahali pamoja, basi, pamekuwa ikulu, kambi, jela na kumbukumbu. Askari anayepangwa zamu karibu na ukuta ule na ajue analinda nini.

Kasubi inafundisha zaidi. Mutesa I alijenga ikulu yake huko mapema katika miaka ya 1880, akazikwa humo mwaka 1884, na makabaka watatu waliomfuata katika kaburi hilo wakawa Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II. Umoja wa Mataifa, kwa mkono wa UNESCO, uliingiza mahali hapo katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Watu wengi wakisikia Kasubi hufikiri nyumba ile kubwa ya nyasi tu, Muzibu Azaala Mpanga. Lakini kilichoandikwa katika orodha ni ubavu mzima wa kilima, karibu hekta 30, na sehemu kubwa yake ni mashamba yanayolimwa kwa njia za jadi. Moto ulipoiteketeza nyumba Machi 16, 2010, maana ya hekta hizo ilidhihirika. Paa huezekwa na watu wa ukoo wa Ngeye, kwa nyasi. Ndani huwekwa pete 52 kwa hesabu ya koo za Baganda. Pazia na nguzo huvikwa nguo ya magome ya mti wa mutuba. Nyasi huota mahali, matete huota mahali, mutuba huota mahali. Mji ukizimeza sehemu hizo zote, fundi atabaki na ujuzi mikononi bila kitu cha kuezekea. Kasubi iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2010, ikaondolewa Septemba 2023, baada ya miaka 13 ya kazi.

Kwa upande wa mabonde, sheria haikosi. Katiba ya 1995, ibara ya 237, inaiagiza serikali kuyashika maziwa, mito na ardhi oevu kama amana kwa ajili ya wananchi. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, si miji tu. Aidha, watafiti waliopima kinamasi cha Nakivubo mwaka 1999 walikadiria kwamba kazi yake ya kusafisha maji machafu ya mji ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Maji hayo huingia katika ghuba ileile ambayo kiwanda cha maji cha Gaba huchota ya kunywa.

Kinachotutia wasiwasi ni jinsi amri inavyotekelezwa. Askari polisi hutumwa kubomoa nyumba ya udongo ya mjane aliyefika juzi, ilhali bohari la matofali lililojaziwa kifusi katika kinamasi kilekile limesimama, na mwenyewe ana hati mkononi. Raia huona. Askari naye huona, ingawa hasemi. Mpango wa ardhi unaompata mnyonge peke yake hautaheshimiwa hata na yule anayeulinda kwa bunduki.

Na kambi zetu nazo zina sehemu yake, kwa kuwa nyingi zimo juu ya vilima. Mbuya iko juu. Chini yake ni bonde la Kinawataka. Kila mti unaokatwa ili kujenga mabweni, na kila uwanja wa gwaride unaomiminiwa saruji, huongeza maji yanayoteremka kwa kasi hadi kwa majirani zetu wa bondeni. Mitaro ya kuzuia maji ubavuni mwa kilima, miti mipya mahali pa ile iliyoanguka, na matangi ya kukinga mvua ya paa ni kazi ambazo kikosi chochote chaweza kuzianza kwa majembe yake kiliyo nayo, kabla ya mvua za Machi.