Mashine haikuona kitu, nimwache?

Mwezi huu nina ujumbe wa dada mmoja wa Bariadi. Mchumba wake alianguka kifafa mbele ya wakwe, siku ya kupeleka ng'ombe wa mahari. Akapimwa ubongo, majibu yakatoka safi. Basi wazee wakasema mashine haikuona kitu, kwa hiyo karogwa, na ng'ombe wake awachukue! Dada anauliza, amwache?

Dada yangu, kwanza kijue hicho kipimo. Kinaitwa EEG. Vijisahani vya chuma hubandikwa kichwani vinase umeme wa ubongo. Mjerumani Hans Berger ndiye wa kwanza kuunasa kwa binadamu, mwaka 1924. Umeme wenyewe ni mdogo ajabu. Betri ya tochi ina volti 1.5, huu hupimwa kwa sehemu za milioni za volti.

Halafu kuna kelele. Mgonjwa akipepesa macho au kukaza taya, mashine inaandika. Na ubongo wenyewe, hata wa mtu mzima wa afya, haunyamazi. Mwanga uleule ukimulikwa machoni mara mbili, seli ileile haijibu sawasawa. Ni kama kumsikiliza mtu anayenong'ona katikati ya mnada wa ng'ombe. Ukimsikia mara moja tu, utaapa kasema nini?

Kumbe kipimo cha nusu saa kinaona nusu saa hiyo tu, na kifafa huja na kuondoka. Majibu safi hayafuti ugonjwa, wala hayathibitishi uchawi. Daktari hutegemea sana maelezo ya aliyeshuhudia, yaani wewe. Nenda naye kliniki ukaeleze ulichokiona.

Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala povu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi. Akianguka tena, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na tazama saa. Zikipita dakika 5, mkimbize hospitali.

Sasa kama alijua akakuficha, una haki ya kukasirika. Lakini hilo mliongee wawili, ana kwa ana. Hakuna mashine inayopima ukweli wa mchumba. Ukimwacha, mwache kwa sababu yako mwenyewe, siyo kwa karatasi ya hospitali.

Tukutane mwezi ujao!