Zima Meni Swichi Kabla ya Kupanda Darini

Ndugu wafanyakazi,

Wengi wetu tunaofanya zamu ya usiku twakaa upande wa bara, yaani Changamwe, Kisauni na Likoni. Twarudi nyumbani asubuhi, twajilaza, na ikifika saa nne mabati yamekwisha kuwa moto kama kikaango. Nyumba za makuti hazikuwa na taabu hiyo, lakini makuti huvuja na hushika moto upesi, basi tumehamia bati. Kwa hiyo si ajabu kwamba kila mwenye visenti anaweka dari, na juu ya dari anatandaza kitu cha kuzuia joto: foili inayong'aa, pamba ya kioo, au yale mabamba meupe mepesi yanayofungiwa televisheni. Jambo hilo ni jema nasi hatulipingi. Mtu aliyekosa usingizi ni hatari kwa nafsi yake na kwa wenzake relini.

Neno letu leo ni juu ya yule anayepanda huko juu kufanya kazi hiyo.

Si zamani sana, katika nyumba moja ya vyumba sita wanayopanga baadhi yetu, mwenye nyumba alileta kijana wa kibarua atandaze foili darini. Meni swichi ya nyumba nzima imo chumbani mwa mwenye nyumba, na siku hiyo alikuwa amevuka kwenda kisiwani na ufunguo mfukoni. Kijana aliambiwa kazi iwe imekwisha kabla ya jioni. Akapanda, akaigonga foili kwa pini za chuma, na pini moja ikatoboa waya wa taa. Foili yote ikaingia stima. Tulisikia kishindo, na kijana akaanguka pamoja na dari yake juu ya kitanda cha mwenzetu. Alivunjika mfupa wa bega. Twamshukuru Mungu kwamba alianguka, maana kama angebaki ameshikwa kule juu, tungalimzika.

Mwenye nyumba aliporudi alisema, "Huyu kijana si mwangalifu." Majirani wakasema, "Ajali haina kinga."

Maneno hayo yote mawili hatuyakubali. Sisi wa reli twajua kazi ya hatari ni kazi gani. Fundi haingii chini ya behewa mpaka bendera nyekundu iwekwe, na aliyeiweka ndiye anayeiondoa. Hakuna anayemwambia fundi, "Ingia tu, lakini uwe mwangalifu gari lisisogee." Gari huzuiwa kwanza, ndipo mtu huingia. Na darini ni hivyo hivyo. Stima izimwe kwanza, ndipo mtu apande. Asiyeweza kuifikia meni swichi hana bendera, naye asipande.

Tena jambo hili si la Changamwe peke yake. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilitoa fedha ili watu wawekewe vizuia-joto darini, na nyumba zaidi ya milioni moja zikawekewa kwa haraka sana. Vijana wanne wa kazi hiyo walikufa. Mmoja aliuawa na joto kali la darini, na watatu waliuawa na stima katika jimbo la Queensland. Mmoja wao alikuwa na umri wa miaka 16. Pini za chuma zilipigwa marufuku Novemba 2009, na hata hivyo Februari 2010 kijana mwingine alikufa kwa stima akitandaza foili. Mwezi huo huo mpango wote ukafungwa, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti yake mwaka 2014. Ikiwa nchi tajiri yenye wakaguzi wengi iliwapoteza vijana wake hivyo, sisi twategemea nini kwa kijana aliyeokotwa barabarani asubuhi na kupewa nyundo?

Wako wenzetu watakaosema fyuzi itakatika. Ndugu, fyuzi imewekwa kuulinda waya usiungue, haikuwekwa kukulinda wewe. Fyuzi ya taa ya ampia 5 haitambui stima ndogo inayopita mwilini mwa mtu, na chini ya sehemu moja ya kumi ya ampia yaweza kuusimamisha moyo. Stima ya nyumba zetu ni volti 240, na mtu aliye darini ameloa jasho, amepiga magoti juu ya foili, na kichwa chake chagusa bati. Mwili wa namna hiyo ni njia nzuri ya stima. Wala tusijifiche: wengine wetu tumekwisha kufunga fyuzi kwa kipande cha waya mnene ili isikatike tena. Huko ni kung'oa bendera kwa mikono yetu wenyewe.

Basi kila mwanachama ayashike haya, na amsomee jirani asiyejua kusoma:

1. Kuzima swichi ya taa ukutani hakutoshi. Nyaya za darini zaweza kuwa na stima bado. Zima meni swichi, na umweke mtu wa kuilinda mpaka umeshuka.

2. Jaribu testa kwenye soketi yenye stima kabla ya kuzima, ujue ni nzima, kisha upime darini. Nyumba nyingine zina waya wa pili uliovutwa kutoka kwa jirani, nao hauzimiki kwa swichi yako. Waya unaotoka mlingotini hadi kwenye mita nao hubaki na stima. Usiuguse kabisa.

3. Nyaya zilizoliwa na panya, na viungo vilivyosokotwa na kufungwa tepu tu, zitengenezwe na fundi kabla ya kufunikwa. Kisichoonekana hakitengenezwi.

4. Waya hutoa joto unapofanya kazi. Ukizungukwa pande zote na kizuia-joto kwa nusu mita au zaidi, uwezo wake wa kubeba stima hupungua hadi nusu. Waya wa pasi au jiko la stima usizikwe ndani ya pamba.

5. Yale mabamba meupe yakigusana na waya kwa muda mrefu, ganda la plastiki la waya hukauka na kupasuka. Yatenganisheni. Taa zilizozamishwa darini nazo zisifunikwe, zitaleta moto.

6. Foili isipigiliwe pini za chuma, na isiwekwe kabisa mahali ambapo nyaya hazijakaguliwa.

Hayo ni yetu. Sasa twasema na wenye nyumba. Nyumba ni mali yenu, lakini roho zilizomo si mali yenu. Meni swichi isifungiwe chumbani mwa mtu mmoja. Iwekwe ukumbini, mahali ambapo kila mpangaji aweza kuifikia hata usiku. Kabla ya dari kuwekwa, aitwe fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA azikague nyaya, na aweke ile swichi inayokata yenyewe stima inapovuja. Gharama hiyo ni yenu, maana kodi twalipa kila mwezi. Na kijana mnayemtuma darini ni mfanyakazi wenu kwa siku ile. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi wake, nayo haimlindi mwenye cheo peke yake.

Na kwako mwanachama: siku utakapomwona kibarua akipandishwa darini na stima haijazimwa, usipite ukisema si kazi yako. Mshushe. Mwenye nyumba akikasirika, waite wapangaji wengine msimame pamoja. Yule kijana hana kadi ya chama, lakini ni mfanyakazi kama sisi, na wengi wetu tulianza kwa vibarua kama vyake.

Nyumba kukaa gizani kwa saa mbili si hasara. Bendera kwanza, kazi baadaye.

Sisi wenzenu wa karakana.