Tuache kikanda kidondoshe mbegu kwanza

Mimi ni agronomu mstaafu, na hapa Dilolo, jimboni Lualaba, swali ninaloulizwa kuliko yote si la mahindi wala mihogo. Vijana wanataka kujua: mzee, kikanda kinapandwaje? Jibu langu huwaudhi. Hakipandwi kama kiazi kitamu, na atakayewauzia mbegu zake kwa vikombe ni tapeli.

Kwa asiyekijua, kikanda kinatokana na viazi vidogo vya okidi za porini, zile za Disa, Satyrium na Habenaria, ziotazo kwenye dembo, yaani mabonde yenye majimaji, na mbuga za nyasi. Vinakaushwa, vinatwangwa, unga unachanganywa na karanga za kutwanga, pilipili na magadi, unasongwa motoni mpaka ushikane, kisha unakatwa vipande. Wengine wanakila na bukari. Mimi nakila kitupu, tena nimesimama palepale kwa mama anayeuza.

Shida iko kwenye mbegu. Tumba moja hubeba maelfu, laini kama vumbi, na ndani yake hamna akiba ya chakula iliyomo kwenye punje ya mahindi. Ili ichipue, lazima ikutane ardhini na kuvu wa kuilisha. Kuvu huyo anakaa kwenye udongo wa dembo. Kwenye bustani yako ya nyanya huenda hayumo, na ukimwaga mbolea ya dukani ndiyo umemfukuza kabisa.

Sasa tazama tunavyochimba. Ng'oa mmea mmoja wakati wa maua, utaona viazi viwili. Kimoja kimelegea na kusinyaa, ndicho kilichoulisha mmea mwaka huu. Kingine ni kigumu, kimejaa, ndicho cha mwaka ujao. Mchimbaji anatupa cha kwanza na kutia kikapuni cha pili. Tena anachimba ua likiwa bado limesimama, kwa kuwa ndilo linalomwonyesha mahali. Mmea umekosa kiazi cha mwakani na mbegu pia, kwa jembe moja.

Tanzania wameshayaona haya. Viazi vya nyanda za juu kusini vilichimbwa na kuvushwa kwenda Zambia, na makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalikuwa ya mamilioni kwa mwaka. Mwaka 2005 Kitulo ikawa hifadhi ya taifa, hasa kwa ajili ya maua. Sipingi hifadhi. Lakini mama anayelipa ada ya shule kwa kikapu cha kikanda hazuiwi na bango.

Ninachoshauri ni hiki. Maua yakitoka, chomeka kijiti pembeni ya mmea, uende zako. Rudi tumba likishakuwa la kahawia na kupasuka. Chimba, kung'uta mbegu zilizobaki ndani ya shimo lilelile, fukia. Mmea usiotoa ua uache. Utasema mwingine atakuwahi kwenye kijiti chako, na ni kweli. Ndiyo maana jambo hili ni la chifu na kijiji kizima, wakubaliane nani anachimba dembo ipi. Moto wa kiangazi haunitishi sana, maana kiazi kimelala chini. Kinachonitisha ni mifereji ya kukausha dembo ili walime kabichi.

Kuotesha mbegu ndani ya chupa pamoja na kuvu wake kunawezekana. Maabara za okidi zinafanya hivyo. Na Lualaba haikosi fedha. Sheria ya madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Tumejengewa madarasa na visima, tumeshukuru. Chumba kimoja cha kikanda pale Kolwezi, chenye vijana wawili wa agronomia, chupa safi na jokofu, hakiwezi kuishinda kampuni inayouza kobalti.