Deni Lisilokatwa Kwenye Mshahara

Ndugu msomaji, mtu atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, akishaipita Mlandizi na kuuvuka mto Ruvu, huingia Vigwaza katika wilaya ya Bagamoyo. Wengi wetu tunaifahamu Vigwaza kwa mizani yake, maana hapo ndipo malori hupimwa uzito. Lakini nyuma ya mizani hiyo wanaishi wakulima, wafugaji na wachuuzi wa kando ya barabara, na watoto wao wanasoma. Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu yatangazwapo, katika kata za namna hii huwapo nyumba zinazopokea furaha na wasiwasi kwa siku moja.

Furaha ni kwamba kijana amechaguliwa. Wasiwasi ni jinsi ya kumfikisha chuoni.

Hapana shaka wako watakaouliza: si kuna mkopo wa serikali? Naam, upo, na umewavusha wengi. Lakini yafaa tuujue utaratibu wake. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi wenyewe wameibatiza jina la bumu, haimfuati mwanafunzi kijijini. Sharti kwanza afike chuoni, asajiliwe na atie saini, ndipo alipwe. Kabla ya hapo anahitaji nauli, godoro, chakula cha majuma ya kwanza na mahali pa kulaza ubavu. Aidha, si kila mwombaji hupewa mkopo, wala si kila apewaye hupewa wote. Ada inayobaki humwangukia mzazi. Nayo masomo huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, wakati mahindi ya masika yamekwisha kuuzwa au kuliwa. Hapo ndipo mbuzi huuzwa kwa bei ndogo na kipande cha shamba huwekwa rehani. Pasipo mbuzi wala shamba, nafasi ya masomo hupotea kimya kimya.

Nani basi aliye karibu zaidi na pengo hili la majuma machache? Kwa maoni yangu ni yule aliyekwisha kulivuka, yaani mhitimu. Huenda ni wewe unayesoma ukurasa huu.

Tukumbuke tulikotoka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiotimia 20, wote wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Katika miaka hiyo gharama za mwanafunzi zililipwa kwa sehemu kubwa na umma, yaani na wakulima wa pamba, kahawa na korosho, ambao wengi wao hawakupata kuketi darasani hata siku moja. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo asiporudi, alisema, ni msaliti.

Suala hili halikukubaliwa na wote bila ubishi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga utaratibu mpya wa kulitumikia taifa, ambao ungewapa asilimia 40 tu ya mshahara kwa miezi 18. Mwalimu aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Yawezekana mtu asikubaliane na adhabu ile. Lakini swali lililoulizwa siku ile lingali hai: aliyesomeshwa anadaiwa nini na wasiosoma?

Mambo yamebadilika tangu hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulianza utaratibu wa wanafunzi na wazazi kuchangia gharama. Sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2016 makato ya mhitimu aliyeajiriwa yalipanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ikafutwa, na wafanyakazi wengi wakapumua.

Kwa hiyo mfanyakazi anaweza kusema: "Mimi nimekatwa kila mwezi, nimemaliza, sidaiwi na mtu." Ana haki ya kusema hivyo, na anastahili kupongezwa. Marejesho yake hurudi katika mfuko unaowakopesha vijana walioko chuoni leo. Kulipa mkopo kwa uaminifu ndiyo njia ya kwanza ya mhitimu kumsaidia mwanafunzi, na anayejificha asilipe hadhulumu Bodi, anamdhulumu mdogo wake. Lakini Bodi hukata kile ilichokukopesha tu. Haikati mbuzi wa baba, wala akiba ya mama muuza vitumbua, wala mchango wa majirani uliokufikisha stendi. Deni hilo halimo kwenye hati ya mshahara, na hakuna atakayekuandikia barua ya kulidai.

Pengine utasema hali ni ngumu. Ni kweli. Hata hivyo, tazama tunavyoendesha harusi zetu. Mwenyekiti huchaguliwa, mweka hazina hupatikana, kadi za michango husambazwa, ahadi huandikwa na tarehe ya mwisho hutangazwa. Asiyetimiza ahadi hupigiwa simu hadi aione aibu. Watu wanaojua kukusanya mamilioni kwa karamu ya usiku mmoja hawawezi kudai kwamba hawajui kuchangishana. Wahitimu 20 wa kata moja wakitoa shilingi 10,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa mwaka watapata 2,400,000. Ikiwa kijana mmoja anahitaji 300,000 kumfikisha chuoni na kumtunza hadi bumu litoke, fedha hiyo itawavusha vijana wanane.

Kwa wale watakaopenda kuanza, yapo mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, anzeni nyumbani. Wahitimu wa kata moja, au wa shule moja ya sekondari, hujuana. Mwalimu mkuu na mtendaji wa kata watawaonyesha ni nani aliyechaguliwa na ni nani asiye na uwezo.

Pili, wahini kabla ya chuo kufunguliwa. Msaada wa Januari haumfai aliyeshindwa kuondoka Oktoba. Na msaada wenyewe si fedha tu. Wako vijana wanaokosa mkopo kwa kasoro za fomu: cheti cha kuzaliwa hakikuhakikiwa na RITA, mdhamini hakutia saini, yatima hakuambatisha cheti cha kifo cha mzazi. Mhitimu aliyekwisha kuijaza fomu hiyo anaweza kumwokoa mwenzake kwa alasiri moja. Na aliye na chumba Sinza au Ubungo anaweza kumhifadhi mgeni wa Mlimani kwa majuma mawili, mpaka apate pa kulala.

Tatu, tunzeni hesabu. Fedha iwe na watia saini wawili au zaidi, na taarifa isomwe mbele ya wote. Mifuko mingi mizuri imekufa si kwa uhaba wa fedha, bali kwa uhaba wa maelezo.

Nne, tunzeni heshima ya mpokeaji. Si lazima kijana apigwe picha akiwa ameshika bahasha, wala kijiji kizima kijue kwamba baba yake ameshindwa. Na kwa mabinti tuwe waangalifu zaidi: msaada wa siri kutoka kwa bwana mmoja mwenye cheo mara nyingi huwa na masharti yasiyoandikwa. Upitie kwenye kikundi, mbele ya wazazi, ili asiwepo wa kumwambia binti kwamba anamdai.

Ndugu msomaji, mkono wa serikali ni mrefu, lakini haufiki kila mlango kwa wakati. Wewe unaujua mlango huo kwa sababu ulitokea humo, na majirani wa nyumbani kwako wanalikumbuka jina lako. Mwaka huu, kabla ya Oktoba, piga simu nyumbani uulize jambo moja tu: ni nani aliyechaguliwa, naye anapungukiwa nini? Kisha watafute wenzako wawili au watatu mliosoma pamoja, mkae, mhesabu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho yupo anayekingoja.