Mashine Ikikosea, Twende kwa Nani?

Tarehe 27 Machi 2025 serikali ilizindua jijini Nairobi Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde, wa kutumika hadi mwaka 2030. Tangu hapo wengi huuliza kama serikali iko tayari kuitia mitambo hiyo katika huduma za umma. Aghalabu jibu hutafutwa kwa kuhesabu kompyuta, nyaya na wataalamu. Mama mwenye nyumba ana kipimo kingine: mashine ikimkosea, atakwenda kwa nani?

Mfano wa karibu tunao. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, yenye makao yake Upper Hill, ilianza kazi Oktoba 2024. Asiyekuwa na mshahara huulizwa juu ya nyumba yake: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, choo ni cha namna gani, vyombo gani vimo ndani. Majibu huingia katika kompyuta, nayo hukata mchango wake, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Iitwe akili unde au hesabu tu, hukumu imetolewa na kisichomjua mtu.

Hebu mfikirie mjane aliyeachiwa nyumba ya mawe Mji wa Kale, mlango wa nakshi, jikoni hamna kitu. Mashine itaona ukuta. Jirani ndiye aonaye njaa. Haijui kwamba aliyeijenga nyumba hiyo amekwisha kufariki.

Hofu hii si ngeni. Ndugu zetu Wanubi wa Kibra, waliozoea kuhangaishwa wakitafuta vitambulisho, walikuwa miongoni mwa walioishtaki serikali kwa sababu ya Huduma Namba. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba kazi hiyo isiendelee mpaka kuwe na kanuni kamili za kuwalinda raia, na ikakataza kuchukua chembechembe za nasaba.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa kila mtu haki ya kutohukumiwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Kwa hivyo, mama, ukikadiriwa usivyostahili, hifadhi karatasi ya makadirio, andika barua kwa waliokukadiria, nawe ubaki na nakala. Wakinyamaza, mlalamikie Kamishna wa Data, ambaye ofisi yake nayo iko Upper Hill. Andika kwa Kiswahili ukipenda. Katiba, kifungu cha 7, imekifanya lugha rasmi.

Mali na siri za watu ni amana. Serikali itakuwa tayari siku ambayo mjane yule atapata mtu wa kumsikiliza, mwenye uwezo wa kuitengua hukumu ya mashine, bila kulazimika kupanda basi hadi Nairobi.