GLAVU KWANZA, SIFA BAADAYE

Ndugu wafanyakazi,

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa karakana alisimama mkutanoni akasema kwamba habari za madaktari wanaofuata magonjwa ya mlipuko si habari za chama. Sisi tuseme mishahara tu. Wengi mlimpigia makofi. Mimi sikupiga, na leo namjibu.

Sikilizeni habari za Daktari Jean-Jacques Muyembe wa Kongo, ambaye kazi yake ni kufuata maradhi mapya mpaka yalikoanzia. Alizaliwa mwaka 1942, akasoma udaktari Kinshasa, kisha akasomea virusi Ubelgiji. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kwenye hospitali ya misheni, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Aliwatoa wagonjwa damu kwa mikono mitupu, maana glavu hazikuwako. Mtawa mmoja mgonjwa alikubali kwenda naye Kinshasa. Damu yake ikapelekwa Antwerp, na huko ng'ambo kikaonekana kirusi kipya, Ebola. Kwa miaka mingi sifa zote zilikwenda kwa wazungu wenye darubini. Aliyeitoa damu akawa kama hamali: mzigo ukishafika, nani humwuliza jina lake?

Je, hiyo si habari ya chama? Fundi anasikia injini ikigonga, anaitengeneza usiku kucha. Asubuhi mkubwa anaandika ripoti kwa jina lake mwenyewe. Nani kati yenu hajayaona hayo?

Muyembe hakukata tamaa. Mwaka 1995, mjini Kikwit, wagonjwa 8 walitiwa damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Wataalamu wa ng'ambo walitia shaka. Baadaye ikatengenezwa dawa iliyotokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit, nayo ikakubaliwa rasmi Marekani Desemba 2020. Leo jina la Muyembe linajulikana duniani. Vema, amestahili.

Lakini sifa ya mtu mmoja hainitoshi. Hospitali ya Yambuku ilikuwa na wafanyakazi 17. Waliokufa ni 11. Wauguzi walipewa sindano 5 tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote, wakizisuuza kwa maji ya vuguvugu na kuchoma tena. Sindano hizo zikaeneza maradhi, na watu 280 wakafa. Kikwit nako, katika wagonjwa 315, wahudumu wa afya walikuwa 80. Haya ndiyo nitakayo myashike: mfanyakazi akinyimwa vifaa, hatari haiishii kwake. Inaufikia umma wote, kama vile bolti isiyokazwa inavyomwua abiria, wala si yule tu aliyenyimwa spana.

Tena si maradhi peke yake. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mchunguzi wa magonjwa kutoka Kameruni, aliuawa kwa risasi akiwa kazini hospitalini Butembo, mashariki ya Kongo, ambako watu husema Kiswahili kama sisi. Siku chache baadaye madaktari na wauguzi wa Butembo waliandamana, wakasema watagoma wasipolindwa. Hawakudai senti moja ya nyongeza. Walidai kurudi nyumbani wazima. Nani atasema hiyo si kazi ya chama?

Mwenzetu asema mishahara tu. Namwuliza: mshahara wa marehemu huhesabiwaje?

Maradhi husafiri na watu, na watu husafiri na reli. Yakija, atakayeyapokea kwanza si mkubwa wa ofisini. Ni mfagiaji wa behewa, mpagazi wa stesheni, mkata tikiti. Kwa hiyo naomba matawi yote yadai haya yaandikwe katika mapatano yetu na waajiri, sasa, kabla ya msiba: glavu na sabuni kwa kila anayeshika uchafu wa abiria, mshahara kamili kwa aliyewekwa karantini, na fidia kwa mjane na watoto, bila kuzungushwa mlango hadi mlango.

Reli haikaguliwi baada ya gari kuanguka. Mkutano ujao nitaleta hoja hii. Mwenzetu wa karakana naye aje anijibu, na safari hii tupige kura, si makofi.

Ndimi ndugu yenu katika kazi,
Mtu wa Reli