Likizo Hii Tusirudi Nyumbani Mikono Mitupu

Likizo ndefu ya mwaka jana nilirudi kwetu Kemambo, wilayani Tarime. Bumu lilikuwa limekata kitambo, kwa hiyo sikuwa na pa kwenda zaidi ya nyumbani. Siku ya pili tu mama mdogo akanikabidhi mwanawe wa kidato cha pili pamoja na ripoti yake ya muhula. "Wewe si ndiyo wa chuo? Mwangalie mdogo wako."

Kiingereza 19. Biolojia 24. Jiografia 22. Historia 27. Kwa madaraja ya Baraza la Mitihani, zote hizo ni F, maana D yenyewe inaanzia 30. Kiswahili alikuwa na 68.

Nikachukua karatasi yake ya Biolojia. Kulikuwa na swali la kutaja kwa kifupi tofauti tatu za ateri na vena. Hakuandika kitu. Nikamuuliza kwa Kiswahili. Dogo akakunja mkono wa shati, akanionyesha mishipa yake: unaotoa damu moyoni una ukuta mnene kwa sababu damu inasukumwa kwa nguvu, unaoirudisha ukuta wake ni mwembamba, tena una vilango vya kuzuia damu isirudi nyuma. Jibu zima hilo. Sasa mbona hukuandika? Akasema swali lilianza na "outline", akadhani anaambiwa achore, na kuchora mishipa hajui.

Mimi nasema huyu si mtoto aliyefeli Biolojia.

Tuliosoma shule za kata tunajua inavyokwenda. Mtoto wa Kemambo anazaliwa kwenye Kikurya. Darasa la kwanza anakutana na Kiswahili, anahangaika nacho, anakiweza. Miaka saba baadaye anaingia sekondari na karibu kila kitabu kimebadilika lugha. Mwalimu, ambaye naye ni binadamu, anaeleza kwa Kiswahili ili aeleweke, halafu anajaza ubao kwa notisi za Kiingereza. Mtoto ananakili. Mtihani unakuja kwa Kiingereza. Alichokielewa hakiulizwi kwa lugha aliyokielewa, na alichonakili hakukielewa. Ukivuka mpaka pale Sirari ukaingia Isebania, Mkurya mwenzake wa Kenya anafundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne. Akili ni ile ile, ila mmoja kaanza mapema.

Najua mtakachosema: dawa ni kufundishia kwa Kiswahili, basi. Mimi pia naamini hivyo. Lakini hebu tuangalie tarehe. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Haikuwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi wetu na kukuta wengi hawawezi kusomea masomo mengine kwa lugha hiyo. Ukaletwa mradi wa Waingereza wa kukiimarisha Kiingereza. Sera ya Elimu ya 2014 ikatamka tena kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Leo mdogo wangu bado anaulizwa mishipa ya damu kwa Kiingereza. Mdahalo huo tuuendeleze, ila upimaji wa kidato cha pili unafanyika kila mwisho wa mwaka, na hausubiri mdahalo wetu.

Na kwetu kufeli upimaji huo si jambo dogo. Kwa utaratibu, asiyefaulu anarudia darasa. Nyamongo, wengi nilioona wakiambiwa warudie hawakurudia. Mvulana anaangalia vifusi vya mgodi, anaona wenzake wakihatarisha maisha kuokota mawe ya dhahabu, anaamua bora huko. Kwa msichana ni mbaya zaidi. Mara bado tunapambana na ukeketaji na ndoa za utotoni, na Desemba, mwezi wa sherehe za tohara, inakuja mara tu baada ya upimaji. Binti aliyekwishakata tamaa ya shule ana sababu gani ya kuwaambia wakubwa hapana?

Sasa nilifanya nini? Kwanza nieleze nilichokosea. Wiki ya kwanza nilimpa sarufi, nyakati zote kumi na mbili, kama nilivyofundishwa. Alizikariri, na hakuweza kutunga sentensi hata moja ya kwake. Nikaacha.

Wiki ya pili tukachukua mitihani ya nyuma ya masomo yote, tukaorodhesha maneno yanayoanzisha maswali: taja, eleza, tofautisha, toa sababu, kwa Kiingereza chake. Hayazidi ishirini, na yanajirudia Jiografia, Historia, Kemia, kote. Ukimfundisha neno moja kati ya hayo umemsaidia kwenye karatasi zaidi ya tano. Kisha kila jibu tulianza kwa Kiswahili. Akishaeleza mwenyewe vizuri, ndipo tunalijenga kwa Kiingereza, sentensi fupi fupi. Jioni, dakika ishirini za kusoma kitabu cha hadithi cha shule ya msingi. Mwanzoni aliona aibu, eti cha watoto. Nikamwambia tusome wote kwa sauti, na mimi nikawa nakosea makusudi ili anisahihishe. Kabla ya kulala, sentensi tano kuhusu aliyoyaona siku hiyo: ng'ombe, soko, malori ya mgodi. Nilisahihisha kosa la aina moja tu kwa siku. Daftari likijaa wino mwekundu, mtoto analifunga.

Kumcheka sikumcheka. Kuna shule zimeandika ukutani "No English, No Service", na utakuta mtoto anayeogopa kukosea anachagua kukaa kimya miaka minne. Lugha haikui kwenye kimya.

Matokeo yalipotoka Januari alikuwa na D ya Kiingereza, C ya Biolojia, C ya Historia, D ya Jiografia. Si ya kubandika ukutani. Ila yuko kidato cha tatu.

Mtasema hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, na tuendelee kuidai walimu na vitabu. Mtasema na sisi wenyewe ung'eng'e unatupiga chenga. Ni kweli pia. Wangapi humu tumekula sapu kwa kutoelewa swali, wakati desa tulikuwa tumelimeza lote? Hiyo ndiyo sababu ya kutufaa. Tunakumbuka pale tulipokwama. Mwalimu aliyezaliwa na Kiingereza hawezi kukumbuka.

Tena kalenda iko upande wetu. Sisi tukiwa likizo ndefu, Agosti mpaka Oktoba, shule za sekondari ziko wazi, na hiyo ndiyo miezi ya mwisho kabla ya upimaji. Tunaitumia kulala, kuchati na kusubiri bumu.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo. Kabla hatujafunga chuo, waorodheshwe wanaorudi wilaya moja, wapewe barua ya kujitambulisha kwa wakuu wa shule, na kila mmoja abebe vitabu viwili vitatu vyepesi vya hadithi. Posho isitajwe, itaua jambo. Na kama barua haitatoka, usisubiri. Kila mmoja wetu ana mdogo wake nyumbani mwenye ripoti aliyoificha chini ya godoro. Muombe akuonyeshe, na usianze kwa kumgombeza.